Habari za Utokako: Safari, Nyumba na Televisheni katika Historia ya Maongezi ya Kiswahili

Historia ya Kiswahili, kama ilivyozoeleka kuandikwa, ni historia ya tenzi, ya hati za Kiarabu, ya kamusi za wamisionari na ya kamati za usanifishaji. Mtu akiisoma historia hiyo peke yake aweza kudhani kwamba Waswahili hawakupata kuketi kitako wakaongea. Maongezi ya kila siku, yaani kule kuulizana hali, kusimuliana yaliyoonekana njiani na kutaja ya nyumbani, hutajwa kwa kupita tu, na mara nyingi kwa majina ya kuyadunisha: soga, porojo, domo, gumzo la wasio na kazi. Hata hivyo lugha haikufika Ujiji, wala Uganda, wala Kongo ya mashariki, kwa nguvu ya tenzi. Ilifika katika vinywa vya watu waliokuwa wakiulizana habari. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba maongezi hayo yana umbo lake lililojengeka katika historia. Kwamba umbo hilo ni la kupeana, baina ya aliyetoka safari na aliyebaki nyumbani. Na kwamba vyombo vya utangazaji, televisheni hasa, viliyatwaa maneno ya maongezi hayo bila ya kulitwaa umbo lake.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Siku hizi kuzungumza ni kitenzi kizito. Mawaziri huzungumza, na pande zilizogombana hufanya mazungumzo chini ya msuluhishi. Kamusi za zamani zaonyesha hali nyingine. Katika msamiati wa Edward Steere, ambaye kitabu chake cha lugha kilitoka mara ya kwanza mwaka 1870, na katika kamusi iliyotolewa mwaka 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson, maana ya kusema na wenzio yaenda sambamba na maana ya kujiburudisha na kupitisha wakati. Kuongea vilevile. Ina maana kwamba kwa watu waliowapa wageni hao maneno yao, kusema na mtu kwa raha hakukuhesabiwa kuwa upungufu wa shughuli. Kulikuwa ni shughuli yenye jina. Jina hilo ndilo lililochukuliwa baadaye na siasa na ofisi.

Neno baraza lilipatwa na jambo hilo hilo, tena kwa kiasi kikubwa zaidi. Baraza ni kikalio cha mawe au cha udongo mbele ya nyumba, mahali pa kuketi na kumkaribisha mpita njia. Kutokana na kikalio, neno likawa la watu wanaokikalia. Kisha likawa la mkutano wa wakubwa. Na leo lipo katika Baraza la Mawaziri na katika BAKITA, chombo kilichoundwa Tanzania mwaka 1967 kuiangalia lugha. Si mara nyingi chombo cha kuchunga lugha kupewa jina la mahali ambapo lugha hiyo hutumika bila mchungaji.

Umbo la maongezi ya Kiswahili laonekana kwanza katika maamkizi. Hujambo, kama wanasarufi wajuavyo, ni ukanushi: huna jambo, hakuna lililokupata. Swali la kwanza ambalo mtu humwuliza mwenziwe ni la kutaka kujua kwamba hakuna lililotokea. Baada ya hapo huja habari, na habari haiji peke yake. Huwa ni habari za nyumbani, za safari, za watoto, za siku nyingi, za utokako. Ukiyatazama maneno yanayofuata ile za, utaona kwamba mengi yaangukia katika mafungu mawili, la nyumba na la njia. Aliyefika huulizwa za utokako. Naye hujibu, kisha humwuliza mwenyeji za nyumbani. Anayeulizwa bila kuuliza huonekana ana kiburi, na anayeuliza bila kungoja jibu huonekana ana haraka isiyo ya kiungwana.

Jibu la kwanza, mtu awe na nini, ni njema au nzuri. Mtu aliyefiwa jana hujibu njema, kisha husema ila, au lakini, na hapo ndipo msiba huingia. Wageni wengi wamelitaja jambo hili kwa kulishangaa, na wengine wameliita unafiki. Kosa lao ni la tafsiri. Njema katika mahali hapo si maelezo ya hali. Ni stakabadhi ya swali. Husema kwamba swali limepokewa, kwamba aliyeuliza ana haki ya kujua, na kwamba yatakayofuata yatafuata kwa utaratibu. Mwanafunzi anayeifasiri njema kwa neno la Kiingereza la uzuri amefasiri kila kitu isipokuwa matumizi yake.

Umbo hili lilihamia hata katika barua. Barua ya Kiswahili ya zamani, iwe kwa hati ya Kiarabu au ya Kirumi, haikuanza na haja. Ilianza na salamu, ikatoa habari ya uzima wa mwandishi, ikaonyesha shaka juu ya uzima wa mwandikiwa, na baada ya hayo tu ndipo lilipokuja lile ama baada ya salamu, na haja yenyewe. Vijana waliokwenda kufanya kazi mbali waliufuata mpango huo, au waliwalipa waandishi waufuate kwa niaba yao. Walimu wa shule waliojaribu kuufupisha, kwa hoja kwamba ni maneno ya ziada, hawakutambua kwamba ziada hiyo ndiyo iliyokuwa ikisomwa mara mbili huko nyumbani.

Kwa nini safari ikapewa nafasi kubwa kiasi hiki katika maamkizi ya watu wa pwani? Jibu liko katika namna habari zilivyofika. Kabla ya reli na simu, habari za mbali zilifuata pepo. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi hivi, ilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na India. Kusi, tangu Aprili, ilivirudisha. Mji kama Lamu, Mombasa au Unguja ulikuwa na msimu wa habari kama ulivyo na msimu wa maembe. Kwa upande wa bara, misafara iliyoondoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa ilirudi baada ya miezi mingi, na mara nyingine baada ya miaka mingi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alikaa bara takriban miaka 12 katika safari yake ndefu kabla ya kurejea Unguja mwaka 1882. Mtu wa namna hiyo anaporudi, swali la habari za utokako si adabu tu. Hakuna mwingine awezaye kulijibu.

Kitabu cha maisha yake, alichokitunga mwenyewe kwa Kiswahili karibu na mwisho wa umri wake (alifariki mwaka 1905), ndicho ushahidi ulio bora wa maongezi ya aina hii yakiwa yamegeuzwa maandishi. Wasomaji wa historia wamekilalamikia: tarehe ni chache, mandhari hazielezwi, majina ya watu yamwagika bila ya kufafanuliwa, na kurasa nzima zakwenda kwa nikamwambia, akasema, tukaondoka. Malalamiko hayo yangekuwa ya haki kama kitabu kingekuwa kumbukumbu za ofisi. Kwa kweli ni sauti ya mtu aliyeketi barazani, akiwasimulia watu wawajuao wanaotajwa, nao wakiwa na ruhusa ya kumkatiza wakitaka ufafanuzi. Wafasiri wake wa Ulaya walikipokea kitabu bila ya wale wasikilizaji; ndiyo maana iliwabidi wajaze maelezo pembeni. Sarufi ya masimulizi ya -ka-, ambayo hufundishwa madarasani kwa mifano ya kubuni ya mtu aliyekwenda sokoni akanunua samaki, ingefundishwa vizuri zaidi kutokana na kitabu hiki.

Ushahidi wa pili ni mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliotoka mwaka 1901, ukafuatwa mwaka 1903 na Desturi za Wasuaheli, ambao mtungaji wake mkubwa alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu aliyepata kufundisha Kiswahili Berlin. Katika Safari mna simulizi za njia za bara, na mna pia ile ya Selim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Si kawaida kwa vitabu hivi viwili kusomwa pamoja, na hiyo ni hasara. Kimoja ni cha njia, cha pili ni cha nyumba: uzazi, harusi, maamkizi, jirani, maziko. Aliyevikusanya alikuwa na haja zake, na haja za dola ya kikoloni hazikuwa mbali naye. Lakini alipowataka Waswahili waandike wanayoyajua, yaligawanyika kama vile maamkizi yao yanavyogawanyika.

Sasa yabidi kuingia nyumbani. Wataalamu wa majengo walioichunguza Lamu wameeleza vya kutosha mpango wa nyumba ya mawe: daka lenye vikalio mlangoni, kiwanda kilicho wazi kwa juu, kisha misana inayofuatana, na nyuma yake ndani. Kwa mwanaisimu la maana ni kwamba mpango huo ni mpango wa maongezi pia. Dakani husemwa yale yawezayo kusikiwa na kila apitaye, yaani bei, vyombo, mvua, kesi za watu wengine. Kadiri mtu anavyoruhusiwa kuingia, ndivyo mambo yanavyokaribia damu. Posa haizungumzwi dakani, na ugonjwa wa mama wa nyumba hautajwi kwa mtu aliyesimama kwenye hodi. Hodi yenyewe ni neno la mpaka. Mwenye kuitoa hajaingia, lakini si mpita njia tena, na mpaka atakaposikia karibu hana cha kusema.

Imewahi kusemwa kwamba wanawake, kwa kuwa hawakuketi barazani, walipokea habari zilizokwisha kuchujwa na waume zao. Hoja hiyo yasahau wikio, yale madaraja yaliyounganisha orofa za nyumba za Lamu juu ya njia, ambayo yaliwawezesha wanawake wa nyumba za jamaa kutembeleana bila ya kukanyaga barabara. Yasahau ukili uliosukwa kwa pamoja mchana kutwa, na harusi za siku nyingi. Yasahau pia leso. Tangu biashara ya Kaderdina Hajee Essak ilipoanzishwa Mombasa mwaka 1887, alama yake ya Mali ya Abdulla imekuwa ikitambulikana pwani nzima, na leso zikaja kuwa na jina, yaani maneno yaliyochapwa ukingoni. Kwa maneno hayo jirani huweza kumwambia jirani asilotaka kulitamka. Ni maongezi yasiyo na sauti, na yenye kuweza kukanushwa, kwani mvaaji aweza kudai kwamba alipenda rangi tu. Kama kuna mahali ambapo mambo ya nyumbani yaliandikwa na kuchapishwa kwa Kiswahili kabla ya magazeti kuyajali, ni hapo.

Mambo yaligeuka pale Kiswahili kilipopelekwa bara na serikali. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, mwaka 1901. Kwa njia moja reli iliyaongeza maongezi. Watu wasiojuana, wa makabila mbalimbali, waliwekwa ana kwa ana katika behewa kwa usiku mzima, na lugha waliyokuwa nayo kwa pamoja ilikuwa moja. Maswali ya behewani, watoka wapi, washuka wapi, una nani huko, ni yale yale ya baraza. Kwa njia nyingine utawala uliokuja na reli ulikuwa na haja na Kiswahili cha aina nyingine kabisa. Baraza la chifu lilikuwa mkutano ambao mmoja alisema na wengine wakasikiliza; kodi ilitangazwa, amri ilitolewa, na aliyenyosha mkono aliangaliwa vibaya. Kikalio cha mpita njia kilikuwa kimegeuka jukwaa.

Kisha kuna Kiswahili cha mashamba ya walowezi. Vitabu vya kuwafundisha havikuficha kusudi lao. Kile cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936 kilijitangaza jaladani kuwa ni cha askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Lugha iliyokuja kuitwa Kisetla imelaumiwa sana kwa kuvunja upatanisho wa ngeli, na wahakiki wengi wameishia hapo. Lawama iliyo nzito zaidi haijasemwa vya kutosha: kwamba ilikuwa lugha bila ya zamu. Ilikuwa na lete, ondoa, pika na harakisha. Haikuwa na habari za nyumbani, kwa sababu mwenye kusema hakuwa na haja ya kujua kama anayeambiwa ana nyumba. Hujambo ilipoteza viambishi vyake ikabaki jambo, neno moja linalotumika kwa kuuliza na kwa kujibu, lisilokuwa na mtu ndani yake. Jambo hilo kavu ndilo lililorithiwa na utalii, na wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982, Jambo Bwana, ukalitembeza dunia nzima.

Si kwamba Wakenya wa bara walikipokea Kiswahili hicho peke yake. Katika Pumwani ya Nairobi tangu miaka ya 1920, na katika mitaa ya Majengo ya miji mingine, watu waliotoka sehemu mbalimbali walioana, wakapanga nyumba, wakalea watoto na kuzikana kwa Kiswahili. Humo lugha ilikuwa na zamu zake kamili. Lakini shule zilikipokea Kiswahili kutoka mkono mwingine. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilijishughulisha, kama ilivyopasa, na tahajia, msamiati na vitabu. Kwa hiyo mtoto wa bara alikuwa na Kiswahili mbili mbele yake, cha amri na cha kitabu. Cha barazani, kilichokuwa kimeziotesha zote mbili, hakikuwa na mwalimu. Matokeo yake yasikika hata leo katika insha za wanafunzi walio hodari, ambao huweza kueleza athari za ukame kwa ufasaha, na wakwama wakitakiwa waandike mazungumzo ya watu wawili waliokutana kituo cha basi.

Magazeti, kwa upande wake, yalijua thamani ya maongezi, angalau katika kujipa majina. Wamisionari wa Unguja walianzisha Msimulizi mwaka 1888. Serikali ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923. Nairobi ilipata Baraza mwaka 1939. Msimulizi, mambo, baraza: yote ni maneno ya watu walioketi. Mhariri alitaka msomaji ajihisi ameketi nao, na barua za wasomaji, zenye salamu ndefu na ugomvi juu ya adabu, ndoa na mavazi, zaonyesha kwamba wengi waliukubali mwaliko huo.

Redio ilifuata. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilianza mwaka 1951, Mombasa ikawa na Sauti ya Mvita yake katika miaka hiyo ya 1950, na matangazo ya Kiswahili ya BBC yakaanza mwaka 1957. Sauti, tena: chombo kilipewa jina la kiungo cha mtu. Jambo la kustaajabisha zaidi ni lile walilolifanya wasikilizaji. Walikishurutisha chombo cha kusema kitende pia kazi ya kuuliza. Vipindi vya salamu, ambavyo msikilizaji alijaza kadi, akaandika majina ya jamaa, marafiki na majirani wa zamani, na mtangazaji akayasoma moja baada ya jingine, viliwachosha wenye elimu waliotaka muziki au hotuba. Lakini humo ndimo umbo la zamani lilimohifadhiwa. Aliye Nairobi alimsalimu aliye Kilifi, aliye Kilifi akajibu wiki nyingine, na taifa zima likasikia kwamba wote hawajambo.

Televisheni ilianza Kenya Oktoba 1962, na mtambo wake wa kwanza wa kurushia picha uliwekwa Limuru. Mwaka 1964 utangazaji ulitwaliwa na serikali ukaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1970 Mombasa ilipata kituo chake. Tanzania ilikwenda njia tofauti. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mapema katika miaka ya 1970, ilhali bara haikuwa nayo hadi mwaka 1994, kwa kuwa serikali iliiona kuwa anasa isiyostahili kutangulia visima na zahanati. Kwa sababu hiyo Mtanzania wa bara alikaa na redio kizazi kizima zaidi, na wahusika kama Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania walikuwa sauti tu, kila nyumba ikiwapa nyuso ilizozitaka.

Jina la chombo hiki kipya lina historia inayostahili kutuliwa. Televisheni lilikuja pamoja na chombo. Runinga huhesabiwa kuwa ni mchango wa Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi na mlezi wa lugha aliyezaliwa Lamu na kufariki mwaka 2017, naye aliliunda kutokana na rununu na maninga. Maninga ni macho. Rununu ni mnong'ono, uvumi, habari isikikayo kutoka mbali bila ya kumwona msemaji. Mtu aliyelelewa katika mji wa madaka na wikio alipotakiwa akipe chombo jina, hakutazama waya wala kioo. Alikiweka mahali pake katika mpango wa habari: ni uvumi uliopata macho. Katika magazeti na matangazo ya Kenya neno hili limeenea, ingawa majumbani watu wengi wasema tivii.

Uvumi huo wenye macho uliingia nyumbani bila ya kupiga hodi. Hili ndilo badiliko kubwa, na ni la mahali kabla ya kuwa la lugha. Habari za nje, ambazo zilikuwa zikiishia dakani na kuingia ndani hatua kwa hatua kupitia midomo ya watu, sasa zilifika ndani kwanza. Taarifa ya habari ya Kiswahili ikazoeleka kuwa ya saa moja jioni, saa ambayo hapo kale ndiyo iliyokuwa ya kuketi nje. Viti vikageuzwa vielekee upande mmoja. Mgeni aliyeingia saa hiyo alipokewa kwa ishara ya mkono, akaonyeshwa pa kukaa, na akasubiri. Ameketi pale na habari za utokako, za ndugu aliyeachwa hospitali au za mvua iliyong'oa daraja, naye ameambiwa angoje kidogo, habari ziishe.

Neno ni moja, na mambo ni mawili. Habari za maamkizi huulizwa. Taarifa ya habari haiulizwi na mtu. Msomaji wa habari husalimu, tena kwa adabu kamili, lakini hangoji kuambiwa njema. Huaga bila ya kujua za nyumbani. Hakuna kosa katika hilo, kwani chombo hakiwezi kutenda vingine. Ila yafaa kuonekana kwamba lugha iliyotumika ni ya mtu anayengoja jibu, na kwamba wazee waliomjibu msomaji kwa sauti kutoka kwenye viti vyao, jambo lililowachekesha wajukuu, walikuwa wakitimiza sehemu yao.

Vipindi vilivyopendwa na vikadumu ni vile vilivyotambua haja hiyo. Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanzishwa mwaka 1966 na Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, kilidumu zaidi ya nusu karne bila ya kuwa na kitu chochote ndani yake isipokuwa mambo madogo: namna mtu anavyokaa garini, namna anavyokwenda kwa mwenziwe wakati wa chakula, namna anavyosema na majirani. Jina lake ni swali, na hiyo ndiyo siri yake. Kila nyumba ililazimika kulijibu yenyewe, na mara nyingi jibu lilielekezwa kwa mtu aliyekuwepo chumbani. Vitimbi nacho kiliyachukua mazungumzo ya mke na mume, jirani na mdai, kikayaweka mbele ya watu bila ya kuyarefusha kuwa hadithi. Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa kipindi hicho, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu akisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Walimu walihofia kwamba lafudhi hizo zingeharibu lugha. Hofu hiyo haikuwa ya bure kabisa, kwa sababu kicheko juu ya lafudhi chaweza kugeuka dharau juu ya watu. Lakini ni katika vipindi hivyo, na si katika taarifa ya habari, kwamba Mkenya wa bara alisikia kupitia chombo cha serikali Kiswahili kama chake kikitumika kuuliza chakula kiko wapi, kukopa, kusuta na kuomba radhi. Kisetla hakikuwa na maneno ya kuomba radhi.

Kuna jambo jingine lililotokea ambalo wenye kuandaa televisheni hawakulipanga. Tangu tamthilia za Mexico zilipoanza kuonyeshwa Kenya katika miaka ya 1990, zikiwa zimetiwa maneno ya Kiingereza, wengi walizitazama bila ya kuzisikia vizuri, na waliokuwa kazini hawakuzitazama kabisa. Asubuhi yake, kisimani, sokoni na ndani ya matatu, zilisimuliwa upya kwa Kiswahili. Masimulizi hayo yalikuwa na -ka- zake, na nikamwambia zake, na msikilizaji wa kukatiza. Katika vibanda vya video kazi hiyo ikapata mafundi. Kenya ina DJ Afro, Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu; mafundi hawa huweka sauti yao juu ya filamu za Kichina, za Kihindi au za Marekani, wakawapa wahusika majina ya mitaani, wakawauliza watazamaji maswali, wakafananisha mji wa mbali na mtaa wa karibu. Wapo wanaoyaita hayo uharibifu wa filamu. Ndani ya kibanda chenye giza, penye mabenchi na joto, mtu aliyeingia amechelewa huinama kwa jirani yake akauliza wamefika wapi, na jirani, macho yakiwa bado kwenye kioo, humweleza tangu mwanzo.